Mwezi wa Ghorofa ya Tano

Mwanamume akianza kupenda mwezi uzeeni, mkewe ana haki ya kuuliza huo mwezi unaitwa nani. Mimi sikuuliza. Nilikuwa najua.

Mume wangu ni fundi wa kuandika mabango kwa mkono. Watu humwita Brashi, nami humwita hivyo hivyo nikiwa nimemkasirikia, yaani mara nyingi. Nusu ya maduka ya mji huu yaliwahi kuvaa herufi zake. Kinyozi, duka la dawa, mashine ya kusaga, na lile bango la ukutani lisemalo USIKOJOE HAPA, ambalo wanaume wengi walilisoma kwa makini huku wakikojoa.

Mabango ya juu ghorofani alikuwa na namna yake ya kuyakagua. Akimaliza, anashuka ngazi, anavuka barabara, anatoa darubini yake ya macho mawili mkobani na kuliangalia bango kutoka upande wa pili. "Ukisimama karibu, kila herufi imenyooka," husema. "Makosa ya fundi yanaonekana kwa mbali." Basi hiyo darubini ilikuwa chombo cha kazi kama brashi na msasa. Haikununuliwa kwa ajili ya mwezi, wala kwa ajili ya madirisha ya watu.

Tuna mtoto mmoja, wa kike. Kazi ya mabango aliijua tangu akiwa anatambaa, maana kuna bango moja la bucha lililotoka na alama ya kiganja chake. Alipokua akanunua mashine ya kuchapa. Bango ambalo baba yake anashinda nalo siku nzima, mashine inalitapika kabla chai haijapoa. Wateja hawana undugu. Wakahama mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake.

Siku moja binti alikuja karakana. Alikuja kumwomba baba yake wafanye kazi pamoja, yeye baba achore herufi na mashine izirudie. Lilikuwa wazo zuri, nami nililijua kabla, kwa sababu lilikuwa langu. Lakini alikuja vibaya, alifuatana na mteja wa zamani aliyebeba bango jipya la mashine kwapani. Brashi akaliona lile bango kabla ya kumwona mwanawe. Mteja, kwa kutaka kupoza mambo, akasema, "Fundi, mwanao ana kipaji kama chako."

"Mwanangu?" Brashi akasema. "Mimi sina mtoto."

Alilisema mbele ya watu, na neno lililosemwa mbele ya watu halirudi kinyemela. Binti akageuka akaondoka. Karakana nayo haikukaa muda ikafungwa, tukahamia jengo hili, chumba kimoja na sebule, ghorofa ya pili.

Siku tunapandisha vyombo, Mama Gesi, anayeuza mitungi pale chini ya ngazi, alitupokea vizuri. "Karibuni, wazee wangu. Watoto wangapi?"

"Hatukujaliwa," Brashi akajibu, akaendelea kupanda.

Mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Nikaangalia ndani ya ndoo kana kwamba nimedondosha kitu humo.

"Pole, Bibi," Mama Gesi akaniambia, kwa sauti ya kuongea na mgonjwa. Tangu siku hiyo, kila nikipita ananipa pole. Nikienda sokoni, pole. Nikirudi, pole. Ilinichoma kuliko tusi, kwa sababu pole ya watu nilikuwa naila bila kustahili, na kuitapika nisingeweza bila kumtapisha na mume wangu.

Muda ukapita. Halafu binti na mumewe wakahamia jengo la mbele yetu, ng'ambo ya barabara, ghorofa ya tano. Msiniulize nani aliwaambia tunakoishi. Mimi ni mgonjwa wa magoti. Kila wiki naenda kliniki ya magoti, na kliniki yenyewe iko jengo la mbele, ghorofa ya tano, na daktari wake ana meno mawili tu na anajikojolea. Hata siku moja Brashi hakujiuliza kliniki gani inampandisha mgonjwa wa magoti ghorofa tano kwa ngazi.

Jengo letu ni fupi. Juu yake kuna paa la saruji ambako wapangaji wote tunaanika nguo, na tangi la maji kwenye kona. Jioni moja Brashi alikwenda kuanua suruali yake. Alirudi nayo mkononi, akakaa kitandani, suruali bado mkononi, mpaka chakula. Kesho yake akaitoa darubini msumarini.

"Naenda kuangalia mwezi," akasema.

"Mwezi una nini?"

"Una mwanga." Akatoka.

Nilipanda nyuma yake kwa kisingizio cha nguo. Alikuwa amesimama ukingoni, darubini imeelekea ng'ambo, imeinuka kidogo tu, kiasi cha ghorofa ya tano. Dirisha lilikuwa wazi na taa inawaka. Binti yetu alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni. Nikaona mabega ya mume wangu yanavyoshuka, kama ya mtu aliyetua mzigo. Nikarudi chini bila kuanua hata soksi.

Ningemwambia, "Vuka barabara, mzee, ngazi ninazijua." Sikumwambia. Kumwambia ni kujitaja na mimi.

Basi ikawa kila jioni, na jengo zima likajua kwamba Brashi ni mtu wa mwezi. Aliyefurahi kuliko wote ni Mwalimu, msichana aliyepanga chumba cha mwisho ghorofa yetu, anayefundisha sayansi shule ya msingi. Jioni moja alipanda mbio mpaka kiatu kikamvuka.

"Babu! Kumbe na wewe! Mimi nilidhani niko peke yangu humu." Kisha akatazama alikoelekeza darubini. "Lakini mbona unaangalia kule? Mwezi uko juu ya kichwa chako."

Kweli ulikuwa juu, nusu, mweupe, na jua ndiyo kwanza linazama.

"Napumzisha shingo, mwanangu," Brashi akasema.

Mwalimu akacheka, akaamini. Watu wema huamini haraka, ndiyo maana kuwadanganya kunauma baadaye. "Na umechagua siku nzuri," akasema. "Watu wanangoja mpaka uwe duara zima ndipo watoke kuutazama. Ukijaa, jua linaupiga usoni, hakuna kivuli, unakuwa kama sahani. Ukiwa nusu hivi, angalia pale mwanga unapokutana na giza. Hapo jua linapiga kwa ubavu. Mashimo, milima, vyote vinasimama."

"Na taa zote hizi za mji?" nikauliza, maana sikutaka aone nimekaa tu na beseni la nguo.

"Taa zinaficha nyota, Bibi. Mwezi hauna habari nazo. Ila ile taa ya barabarani isikupige machoni, simama huku nyuma ya tangi. Viwiko viegemeze ukutani, Babu, mkono usitetemeke. Na usitazamie ndani kupitia kioo cha dirisha, kinaharibu. Hapa pazuri, ila saruji ikiwa bado na joto la mchana picha inachezacheza, basi unaiacha ipoe kidogo."

"Ee," Brashi akasema. "Ee." Alikuwa kama mgonjwa anayesomewa maelezo ya dawa.

"Na usisahau, ukishajaa, kila siku unachelewa kutoka. Siku chache tu baadaye, ukipanda saa hizi hutaukuta. Unautafuta asubuhi, uko juu mchana kweupe, watu wanapita chini yake hawaangalii. Asubuhi tu uwe mwangalifu, hiyo darubini isije ikageukia jua."

"Ee."

Hakusikia hata neno. Ng'ambo pazia lilikuwa limefunguliwa. Mwalimu alipomsihi aangalie juu kidogo, Brashi akainua darubini kwa adabu, na mimi niliyekuwa ubavuni nikaona macho yake nyuma ya vioo: ameyafumba.

Mwezi ukajaa. Siku ile ulitoka nyuma ya jengo la mbele hasa, mkubwa, wa manjano, na paa likajaa watu. Brashi hakuwahi kuwa na heshima kama jioni ile. Darubini ikazunguka mkono kwa mkono, Mama Gesi akaangalia akasema, "Sahani kweli," na Mwalimu akasema si aliwaambia. Laiti mambo yangeishia hapo, mume wangu angekufa mnajimu.

Lakini njia ya mwongo fupi, na mwezi hauna ushirika na mtu.

Siku kadhaa baadaye, magharibi, tulikuwa wanne juu ya paa. Brashi ukingoni na darubini. Mimi na beseni. Mama Gesi anaanua mashuka, vibanio mdomoni. Mwalimu akapanda, akasimama, akaangalia mbingu upande huu, akaangalia upande ule.

"Babu, leo unaangalia nini?"

"Mwezi, mwanangu," Brashi akasema bila kugeuka.

"Lakini Babu, mwezi haujatoka. Utatoka baadaye, watoto wameshalala."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyomsahihisha mwanafunzi anayempenda. Mama Gesi akatoa kibanio kimoja mdomoni, akatoa cha pili. Akafuata macho ya darubini mpaka ng'ambo ya barabara, mpaka kwenye dirisha lenye taa, mpaka kwa mwanamke aliyeinama juu ya beseni.

"Mwezi gani huo," akasema polepole, "unaovaa gauni la kijani?"

Brashi akashusha darubini.

"Mzee mzima!" Sasa sauti ilikuwa inashuka ngazi yenyewe. "Mzee mzima na mvi zake! Mke wa watu, ndani kwake, anaogesha mtoto! Njooni muone mnajimu wenu!"

Walikuja. Walikuja na miko mikononi, na povu la sabuni mikononi. Mwalimu akawa anasema, "Labda, labda," hakumaliza labda hata moja. Na Brashi akanitazama mimi. Hakutazama kwa kuomba. Alitazama kama mtu anayeangalia kama mlango uko wazi.

Ningefungua. Neno moja tu: ni mwanetu. Lakini siku ya kwanza niliwaacha waamini kwamba hatukujaliwa, nikala pole zao mwaka mzima. Nikaangalia ndani ya beseni. Mara ya pili katika jengo lile nikatafuta kitu ndani ya chombo kitupu.

"Nimekosa," Brashi akasema. "Nisameheni."

Basi. Alichagua kuitwa mzee mchafu. Mama Gesi akamvua darubini shingoni, naye akainamisha kichwa ili mkanda upite vizuri, kama mtoto anayevuliwa shati.

"Kesho asubuhi naenda mwenyewe kumwambia yule dada," Mama Gesi akasema. "Aje akuone uso."

Chumbani alikaa akiangalia ukuta. Nikampa chai, hakuigusa.

"Kwa nini hukuwaambia?" nikauliza.

"Niwaambie nini? Kwamba mtoto nisiye naye ndiye ninayemwangalia? Angalau huyo mzee mchafu hajamkana mtu."

Akageuka. "Na wewe mbona ulinyamaza?"

"Magoti," nikasema. Mdomo wangu huwa hauniangushi. Siku hiyo uliniangusha vibaya.

Asubuhi nilishuka kuchota maji. Mlango wa kwanza ukafungwa nikipita. Wa pili pia. Mama Gesi alikuwa anafunga duka lake, darubini shingoni kama kengele. Hakunipa pole. Ile pole niliyoichukia mwaka mzima, siku hiyo niliitafuta usoni mwake kama mtu anayetafuta sarafu gizani, haikuwepo. Akavuka barabara.

Nikapanda kumwambia Brashi avae shati safi. Hakuuliza la nini.

Tulisimama uani, mbele ya mitungi ya gesi, yeye na shati lake na mimi nyuma yake. Wapangaji walijifanya wana shughuli. Sijawahi kuona ua unafagiwa na watu wengi vile. Mwalimu naye alikuwa na mkoba wake begani, amechelewa shule na hatoki. Halafu Mama Gesi akaingia getini, na nyuma yake binti yetu, mtoto kiunoni.

"Huyu hapa," Mama Gesi akasema. "Mwangalie vizuri. Ndiye?"

Binti akamwangalia. Nilimwona anavyoangalia mvi, kisha shati, kisha viatu ambavyo havikufungwa kamba.

"Ndiye," akasema. "Kila jioni. Tangu siku ya kwanza, aliposimama na suruali mkononi."

"Na ulikuwa unamwona? Hukufunga pazia?"

"Nilikuwa nalifungua." Akamhamisha mtoto upande wa pili wa kiuno. "Bafu ninalo, dada. Mtoto huyu namwogeshea dirishani makusudi. Maji yanapoa, anapiga chafya, baba yake ananigombeza. Nikasema hapana, mzee amepanda, mwache amwone."

"Mzee gani wa kumwonea huruma hivyo?"

"Ni baba yangu."

Mafagio yote yakasimama. Mama Gesi hakumgeukia Brashi. Alinigeukia mimi.

"Bibi," akasema, kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. "Si mlisema hamkujaliwa?"

Nilitamani ndoo. Sikuwa na ndoo. Na hapo hapo mjukuu wangu, ambaye hajui aibu ni nini, akaniona. Akapiga kelele ya furaha, akanyoosha mikono yote miwili, akaninyakua miwani usoni kama anavyofanya kila wiki.

Brashi akageuka taratibu. "Mtoto huyu anakujua."

"Ndiye daktari wa magoti," nikasema.

Mtu mmoja akacheka nyuma, akajuta.

"Mama huja kila wiki, Baba," binti akasema. "Kila akija anasema unanisalimia. Kwamba wewe ndiye uliyemtuma, ila unaona haya kuja. Mimi nikawa nangoja hizo salamu zipande ngazi zenyewe."

Hilo nalo lilikuwa langu. Salamu zile nilizitunga mimi, wiki baada ya wiki, nikiongeza utamu kidogo kila mara, kama mpishi asiyejua kuacha sukari. Siku moja nilisema anamwota. Sasa ningekuwa na shimo ningeingia, na ningelifunika mwenyewe kwa ndani.

Brashi alikuwa na njia rahisi. Angesema "ndiyo, nilimtuma," tukaokoka wote watatu. Nilimwombea aseme hivyo.

"Sikumtuma," akasema.

Uso wa binti ukafungwa kama duka.

"Sikumtuma. Nilikuwa natakiwa kumtuma. Nilikuwa natakiwa kuja mwenyewe." Akawatazama wapangaji mmoja mmoja, wote waliomwona jana akivuliwa darubini. "Niliwadanganya. Nilisema sina mtoto. Ninaye. Huyu hapa. Nilimkana mbele ya watu kwa sababu ya rangi na mbao."

"Mtoto ana meno sasa, Baba," binti akasema. "Na barabara yenyewe ni hii tu."

Binti hakulia, hakumkumbatia, hakusema yamekwisha. Brashi alikuwa ameficha mikono nyuma, kama siku zile ina rangi mbichi na anaogopa kushika nguo ya mtu. Hakuna rangi, mwaka mzima hakushika brashi.

Mama Gesi akajivua darubini. Na yeye sasa hakujua aweke wapi macho. "Shika chombo chako, Mzee," akasema, na kumvalisha mwenyewe.

"Babu," Mwalimu akasema, kwa sauti ndogo ya mtu anayetaka kufungua dirisha katika chumba chenye moshi. "Mwezi ule pale."

Ulikuwepo kweli, upande ambao jua halipo, juu ya paa la jengo letu, mweupe kwenye anga la asubuhi, umebaki nusu na kidogo. Sote tulikuwa chini yake muda wote ule.

Brashi akainua darubini. Najua kwa nini aliinua. Alitaka kitu cha kufunika macho, maana yalikuwa yamejaa, na mwanamume wa umri wake hana pengine pa kuyapeleka. Akaegemeza viwiko kwenye mtungi wa gesi. Alikaa hivyo. Halafu nikaona mgongo wake umebadilika, umekuwa ule mgongo wa kazi, wa kukagua bango.

"Alaa," akasema. "Nani alipaka huu ukuta?"

Hakuna aliyeelewa ila watu wawili.

"Mashimo matupu. Pale mwanga unapoishia, msasa haukupita kabisa. Mtu kapaka rangi juu ya vumbi."

Binti akacheka. Hakutaka, kilimtoka kama chafya. Ndiyo maneno aliyokuwa akiambiwa karakana kila akipaka vibaya, tangu akiwa na urefu wa kopo la rangi.

"Hebu angalia wewe," Brashi akasema, bado hajageuka, akijivua mkanda na kumnyooshea darubini kwa nyuma. "Wewe macho yako mazuri."

Darubini hiyo inataka mikono miwili, na mkono mmoja wa binti ulikuwa na mtoto. Alinitazama mimi, nami nikawa tayari nimenyoosha mikono. Kisha akamtazama baba yake. Akamwekea mtoto mikononi, haraka, kama mtu anayetua mzigo popote ili ashike kitu kingine, akachukua darubini na kutazama juu.

Brashi alimshika mtoto kama bango lenye rangi mbichi, mbali na kifua. Mtoto akamsoma uso. Hakupiga kelele ya furaha, yeye alikuwa hamjui.

"Mimi nilikuwa nakuona kwa mbali," Brashi akamwambia, taratibu.

Mafagio yakaanza tena kazi. Mwalimu akakimbilia shule. Mimi nikachukua miwani yangu kwenye ngumi ya mjukuu wangu, nikageukia ngazi kabla mtu hajapata nafasi ya kunitazama vizuri.

"Bibi," Mama Gesi akaniita. "Na hayo magoti?"

"Yamepona," nikasema. Nikapanda ngazi zote bila kushika ukuta, aibu inanisukuma mgongoni.